Aliyekaa na Viatu

Walimzika Mama Perisi kule Mbale siku ya Jumamosi, na mchungaji kijana aliyeongoza ibada alimsema kwa sentensi moja. Alisema, "Marehemu alikuwa muumini wa kawaida." Kisha akageukia habari za paa jipya la kanisa, na hapo hakuchoka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki safu ya pili, magoti yananiuma kwa safari ya basi, nikahisi kama mtu amenimwagia maji ya mlimani mgongoni. Wa kawaida. Nikatazama huku na huku nione kama kuna mwingine aliyeshtuka. Watu walikuwa wanajipepea kwa karatasi za ratiba. Yule kijana simlaumu sana, mambo yenyewe yalitokea mama yake akiwa bado msichana, na sisi tuliokuwepo tulifunga mdomo mpaka tukazoea kufunga. Ndiyo maana nimenunua daftari. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo anayeona makosa ayasahihishe kimoyomoyo, aendelee.

Habari za nilizaliwa wapi na nani alinioa naziacha, hazina kazi hapa. Mwaka ninaousema ni ule serikali ya jeshi ilipotangaza redioni kwamba madhehebu madogo yote yamefungwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, Mkenya wa upande wa mpakani, nanunua samaki wakavu Jinja na kuwapeleka Mbale. Sabuni ilikuwa imepotea kabisa mwaka huo. Tulifulia majani ya mpapai, nguo nyeupe zikageuka rangi ya maji ya mto, na mwanamke aliyepata kipande cha sabuni ya kweli alikificha kama dhambi. Sukari nayo, mtu alikualika chai halafu akakupa chumvi. Lakini nikianza habari za njaa ya mwaka ule sitafika kwenye viatu, na ni viatu ninavyotaka kusema.

Kanisa letu lilikuwa Jinja, la watu wachache, wengi wafanyakazi wa kiwanda cha nguo na sisi wachuuzi. Kwetu kiatu hakiingii mahali pa sala. Ukifika mlangoni unavua, awe askari, awe mwalimu, unaingia na nyayo zako. Mchungaji wetu mzee alihubiri kwa Kiswahili, na Ndugu Mikaeli akakigeuza kuwa Kisoga papo hapo. Mikaeli alikuwa mtu wa Mbale aliyekulia Jinja, karani kiwandani, mrefu, suruali yake daima imepigwa pasi, na kusema kweli watu walimpenda mkalimani kuliko mahubiri. Mzee akisema neno moja, Mikaeli analifanya matatu na moja la kuchekesha. Mimi nilikuwa na sauti. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu siku hizi nikiimba hata kuku wanatoka. Wakati ule nikianzisha wimbo, watu waliopita barabarani walisimama. Nilipenda wasimame. Mtu asiniulize kama nilimwimbia Mungu au nilijiimbia mwenyewe, nilichanganya.

Na nje ya mlango, chini ya bati moja, alikaa Mama Perisi. Alikuwa Mgisu wa milima ya huko Mbale, mjane wa fundi viatu. Mume alimwachia nyundo, sindano za kushonea ngozi, kalibu mbili za mbao za kutia ndani ya kiatu kisipoteze umbo, na siku za kazi alishona viatu barazani mjini. Wanaume walimcheka kwanza, mwanamke fundi viatu, kisha wakaona mshono wake haufumuki. Jumapili kazi yake ilikuwa kupokea viatu vya waumini, kuvifuta tope kwa maganda makavu ya mgomba, kuvipanga jozi jozi. Tulipoingia tulimpa viatu bila kumtazama, kama unavyotundika koti. Mchungaji alipohesabu karama za kanisa alitaja kuhubiri, kuombea wagonjwa, kutoa pepo, kuimba. Sijawahi kusikia akitaja maganda ya kufutia tope.

Tangazo la redio lilipotoka, mchungaji mzee alivuka kwenda Kenya na blanketi moja. Mikaeli akabaki na kundi. Ndugu mmoja alikuwa amepewa duka la Mhindi kwenye mtaa wa nyuma, lile lililoachwa wakati Wahindi walipofukuzwa, na huko stoo ndiko tukahamia kusali Jumapili saa nane mchana, wakati mji umelala kwa joto. Chumba kile nakiona hata sasa. Kilinuka bizari na mafuta ya taa. Kalenda ya mungu wao wa kike mwenye mikono mingi ilibaki ukutani, tukaigeuza uso kwa ukuta, hakuna aliyethubutu kuichana. Tulikaa kwenye maboksi yaliyokunjuliwa, tukaimba kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Kwangu hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko njaa.

Mama Perisi alibadilisha mtindo bila kumwambia mtu. Alihamia barazani mbele ya duka na vyombo vyake vya kazi. Tulifika mmoja mmoja, tunampa viatu kama wateja, tunapita kwenye kichochoro na kuingia stoo kwa mlango wa nyuma. Yeye alivitia viatu kwenye gunia, anatoa jozi moja, anaanza kuishona kweli. Jumapili. Kugonga nyundo, kuvuta uzi wa nta, siku ya Bwana, nje ya nyumba ya Bwana. Jamani, maneno yalitoka. Nakumbuka kikao kilichofanyika kwa Mikaeli, tukila mihogo ya Buwenge, mke wake Eseza akitumiminia chai ya rangi, na mimi nikiwa wa kwanza kusema.

"Mama Perisi, sisi tunasali wewe unagonga misumari. Hiyo ni sawa?"

"Ni misumari midogo," akajibu.

"Ni Jumapili, mama."

"Najua ni Jumapili. Ndiyo maana nawaona wote."

Watu wakacheka kidogo. Sikucheka. Mzee mmoja akasema afadhali avipange tu mlangoni kama zamani, kwa heshima, aache biashara. Mama Perisi akasema hachukui senti. Mzee akamjibu kwamba tamaa si pesa peke yake. Mikaeli akatuliza watu, akamwomba mama apunguze kugonga. Yeye akaitikia, akamaliza chai, akaomba kiatu cha Eseza akitazame kwa sababu alikiona kimefunguka pembeni. Hakueleza neno. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakueleza. Nadhani alifikiri tunajua. Na sisi tulijua, nusu. Mtu mzima anajua mambo mengi nusu kwa sababu nusu ya pili inamtaka ainuke alipokaa.

Siku moja ikaja habari kwamba dada yake Mama Perisi amefariki Mbale. Jumamosi, kabla hajapanda basi, alikuja kwangu sokoni, akanikuta nasugua mikono kwa majivu kuondoa harufu ya samaki. Aliniita mukhana, yaani binti, maana Kigisu na lugha ya kwetu ni ndugu.

"Mukhana, kesho kaa na viatu."

"Mimi? Kesho nina wimbo mpya, mama."

"Wimbo utaimba Jumapili nyingine. Kaa barazani, viatu viwe guniani, shika sindano mkononi. Usiviache peke yao."

"Sijui kushona."

"Shika tu. Nani atakuuliza unajua?"

Nikaitikia. Moyoni nikasema, mimi Berita mwenye sauti hii, nikae nje na gunia kama chizi wa stendi, tena nishike sindano siku ya Bwana, mimi niliyesema kwenye kikao. Kesho yake nikafanya nilivyoona ni vizuri kuliko alivyosema Mama Perisi. Nilivipokea viatu vyote, jozi kumi na tisa, nikavifuta mpaka vikang'aa. Kisha nikavipanga barazani kando ya ukuta, visigino mstari mmoja, kama kanisani zamani, kama yule mzee alivyosema ni heshima. Nilirudi nyuma nikavitazama. Vilipendeza. Nikapita kichochoroni, nikaingia stoo na kuanzisha wimbo wangu, mbele ya duka lililofungwa milango nikiwa nimeacha jozi kumi na tisa za viatu bila mwenye viatu hata mmoja karibu.

Tulikuwa kwenye ubeti wa pili. Mlango haukugongwa, ulipigwa teke mara moja tu ukalala. Waliingia wanaume watatu wa usalama, mashati ya maua, miwani myeusi, viatu vya soli nene kama tofali. Waliingia na viatu. Usinicheke, katika hofu yote ile kitu cha kwanza kilichonishtua kilikuwa hicho, soli zile juu ya maboksi tuliyokalia.

"Nani mkubwa hapa?" mmoja akauliza.

Nikaona Mikaeli anajifuta magoti vumbi, pole pole, kama anayesubiriwa na watu wa harusi. Akasimama. "Ni mimi, Afande. Hawa ni wageni wangu."

"Wageni yako wote miguu tupu?"

"Ndivyo tulivyo."

Afande akacheka. Alicheka vizuri, kama mtu wa kawaida. "Tumepita mbele, tumeona kiatu mingi, watu hakuna. Tukasema, hawa watu wamepaa?" Hata wenzake wakacheka. Gari lao dogo lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja na gunia moja. Wakamchukua Mikaeli, wakachukua viatu vyote. Sisi tuliobaki tulirudi makwetu peku, saa tisa ya mchana, lami ikituunguza, na kila aliyetuona alijua tunatoka wapi. Mimi nilienda kumwambia Eseza. Alikuwa na mtoto mchanga, hakuwa amekuja sala. Nilimwambia wamekuja, wamemchukua. Sikumwambia kwa nini walikuja.

Jumatatu Mama Perisi alirudi. Nilimweleza nikiwa nimepiga magoti sakafuni kwake, nangoja anipige, na nilitaka anipige. Akauliza, "Viatu viko wapi?"

Hasira ikanipanda. Mtu amechukuliwa, mama mzima anauliza viatu. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Yule mwalimu wetu ameandika jina ndani ya chake, asiibiwe," akasema. "Wale watatu wa kiwandani, buti zao zina namba. Kiatu cha yule mzee nani hakijui mjini, kimoja kirefu kimoja kifupi? Wakianza kuvisoma watakuja kuchukua mtu mmoja mmoja. Inuka. Vaa kitambaa. Tunakwenda kuomba viatu."

Nyumba ya wale watu wa usalama ilikuwa upande wa ziwa, nyumba ya tajiri mmoja wa zamani, maua yamepanda mpaka juu ya paa. Askari walikuwa barazani wanakula posho, yaani ugali, na maharagwe kwenye beseni. Yule Afande wa miwani alikuwa ndani kwenye kochi, na viatu vyetu vimemwagwa mbele yake sakafuni, lundo.

"Shikamoo," Mama Perisi akasema, ingawa angeweza kumzaa. "Nimefuata kazi yangu, Afande. Mimi ni fundi. Viatu hivyo ni vya wateja."

"Wewe? Mwanamke?"

"Mume alikufa, vyombo vilibaki."

"Unaongopa, mama. Hizi ni ya watu wa kusali."

"Mimi sijui habari za kusali. Geuza uso wangu ukutani, uniinulie kimoja kimoja, useme rangi tu. Nikikosea nifunge."

Afande akapenda mchezo. Akamgeuza kwa bega. Mimi nilibaki nimesimama katikati, nikiona vyote.

"Nyeusi, ya kamba."

"Za kamba nyeusi ziko jozi nne. Kina tundu la kamba lililoraruka?"

"Kina."

"Basi cha kulia kimetobolewa na msumari, nikakiziba kwa mpira wa tairi. Mwenyewe anatupa mguu nje."

Afande akatia kidole ndani. Akachukua kingine. "Nyekundu, ya mwanamke."

"Visigino nimekata vyote viwili, kimoja kilivunjika kwenye mtaro. Ndani kuna gazeti, mguu wake mdogo."

Kile kilikuwa changu. Mimi mwenyewe nilisahau kuhusu gazeti. Waliendelea hivyo, askari wa barazani wakaingia na posho mkononi kutazama, na kila alipotaja kiraka na kikapatikana walipiga kelele kama kwenye mpira. Mama akiwa ameegemeza paji la uso ukutani, alizisema jozi zote: nani anaburuza, nani ana kidole kilichopinda, nani amenenepa mwaka huu, nani anatembea sana kwa sababu hana tena nauli. Bila kutaja jina hata moja. Nilikuwa nimewaimbia watu wale miaka mitano na sikujua lolote kati ya hayo.

"Sasa kwa nini zilikuwa huko mlango, zimepangwa?"

"Nilikwenda matanga. Nikamwachia huyu. Hana akili, akavianika nje."

Afande akanitazama. Nadhani uso wangu ulithibitisha.

"Na ndani walikuwa wanasali?"

"Afande, mimi nakaa na viatu. Miaka kumi na moja nakaa na viatu. Sijawahi kuingia ndani wakati wao wako ndani. Waulize."

Hapo hakudanganya. Nilisimama pale, bunduki zimeegemea ukuta, na kilichonikata pumzi kilikuwa hicho. Miaka kumi na moja ya Jumapili, na hakuna siku tuliyomwambia mama ingia, leo nitakaa mimi. Alisikia mahubiri kupitia ukuta. Nyimbo zangu alizijua kwa sauti tu, hakuwahi kuniona nikiimba.

Afande akavua kiatu chake kimoja, akamtupia. "Hii nayo ina nini?"

Mama hakukigeuza hata. "Uliponijia kunigeuza ukutani nilikusikia. Soli ya kushoto imefunguka mbele, inapiga makofi." Akakaa chini, akatoa sindano kwenye fundo la kanga, akakishona palepale. Tulipewa gunia letu. Lakini jozi moja, ya kahawia, Afande aliisukuma chini ya kochi kwa mguu wenye soksi. "Hii ya mkubwa wao inabaki. Atavaa akitoka."

Kwa hiyo tulirudi na viatu vya watu kumi na wanane, na hakuna kati yao aliyefuatwa. Hilo liandikwe. Wengine wamezaa, wajukuu zao ndio hao walikuwa wanajipepea kwa ratiba kule makaburini.

Tukaanza kungoja viatu vya kahawia. Eseza alibeba chakula kila siku adhuhuri kwenda nyumba ile ya ziwani, kikapu kichwani, mtoto mgongoni. Askari mlangoni alikipokea, akamrudishia sahani tupu. "Anakula vizuri, anakusalimia," alimwambia. Aliambiwa lete shuka, akapeleka. Akaambiwa yuko anayeweza kumtoa ila anataka cherehani, akaitoa cherehani yake. Alikonda mpaka ukamwona mifupa ya shingo, na bado alikuwa akipika kwanza cha kupeleka, yeye akila ukoko. Kila akipita barazani kwa Mama Perisi alisema, "Leo sahani imerudi safi kabisa." Mimi nilikuwa hapo. Niliacha samaki siku nyingi nikae na Mama Perisi, nimvutie uzi, nimshikie kalibu, kwa sababu sikujua pengine pa kuweka mikono yangu. Kusema, sikusema.

Mwezi wa pili wa kungoja, askari mmoja kijana alikuja barazani. Hakuwa mkali, alikuwa na chunusi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu. "Mama, Afande amenipa hii. Ni nzuri lakini inabana. Panua."

Vilikuwa vya kahawia. Mama Perisi alivipokea, akavilaza mapajani. Kwenye ulimi wa kile cha kulia kulikuwa na mshono wa uzi wa nyavu za samaki, wa buluu, na uzi ule mimi ndiye niliyempa, siku uzi wa nta ulipoadimika mjini.

"Na mwenyewe?" Mama akauliza, sauti yake ileile ya kuuliza unataka lini.

"Mwenyewe hana kazi nayo tena," kijana akasema. Akasema kama anayesema mvua imekatika.

Mtu huwaza kwamba habari ya kifo huja na kelele. Nilikuwa nimeshika nyundo. Nilisikia baiskeli inapita. Mama akatia kalibu ndani ya kiatu, akaanza kulowesha ngozi kwa kitambaa, polepole mno, na nikaelewa anavuta muda. Ilikuwa karibu saa sita na nusu. Eseza akatokea pembeni mwa mtaa na kikapu chake.

"Eseza," Mama Perisi akaita. "Njoo unishikie hiki, mkono wangu una baridi yabisi. Huyu hana nguvu."

Huyu ni mimi. Eseza akatua kikapu, akakaa kwenye ngazi, akanyoosha mikono. Mama akamwekea kile cha kulia mapajani, ulimi juu. Kiatu ambacho Eseza alikipiga rangi kila Jumamosi ya ndoa yake.

Nilimtazama usoni kwa sababu sikuweza kutazama pengine. Alikiona kiatu. Akamtazama askari, miguu yake mitupu imenyooshwa juani. Akamtazama Mama Perisi, na Mama akainua kichwa na kukishusha, mara moja. Ni hivyo tu alivyoambiwa. Vidole vya Eseza vikashika kiatu mpaka kucha zikawa nyeupe, na mtoto mgongoni akalala usingizi. Hakulia. Angelia tungekwisha sote, naye alilijua hilo haraka kuliko mimi. Mama akashona mahali ambapo hapakuhitaji kushonwa, sindano inaingia, inatoka, ili amwachie kiatu muda mrefu kidogo.

"Kikapu kina nini?" askari akauliza. Alikuwa ameshafunua kitambaa.

"Chakula."

"Ya nani?"

Eseza akamrudishia Mama kiatu. Kisha akasema, "Ni chako, Afande. Kula."

Akala. Ndizi na karanga, alikula zote, akasifu. Akavaa viatu, akakanyaga huku na huku, akasema sasa vimepanuka, akaenda. Eseza alifunika sahani tupu kwa kitambaa chake, akakunja pembe nne kama kawaida. Hakwenda tena kule ziwani. Najua wake wengi wa mwaka ule waliopeleka chakula mpaka serikali ile ikaanguka, na baada ya hapo bado wakawa wanaacha mlango bila komeo. Eseza hakungoja hivyo. Alinyolewa, akafungwa kamba ya ujane, watoto wakaambiwa ukweli. Ilikuwa hivyo kwa sababu mwanamke mmoja aliwahi kushika kiatu cha Mikaeli kila Jumapili na kukitazama vizuri.

Wazee wa kwao Mikaeli, huko Mbale, walikata mgomba wakauzika badala yake, kama ifanywavyo mwili usipopatikana. Tulikwenda kwa basi, wawili wawili, tusijulikane kuwa kundi. Walisema ni matanga ya bibi, ili jirani mmoja, mtu wa serikali, asihoji. Ndani ya nyumba watu wangesali kidogo, na wakaniambia, "Dada Berita, utaanza wimbo." Nikamtafuta Mama Perisi. Alikuwa ameshakaa mlangoni kwenye mkeka, maganda ya mgomba mkononi, maana mvua ilikuwa imenyesha na tope la Mbale ni jekundu, linang'ang'ania.

"Mama, ingia," nikamwambia. "Leo nakaa mimi."

Alinitazama kama nimemwambia kitu kwa Kiingereza. Kisha akanipa maganda, akainuka kwa kushika mlango, akavua viatu vyake na kuviweka mwisho wa mstari, akaingia. Wimbo ulianzishwa na mtu mwingine. Aliuanza juu mno, ukavunjika, wakauokota. Nilifuta. Nilijilazimisha kuvitazama, kimoja kimoja, kimeliwa wapi, kimefumuka wapi.

Eseza alikuja wa mwisho kutoka kwenye mgomba uliozikwa, kichwa kimenyolewa, tope mpaka kwenye vifundo. Alisimama mbele yangu. Nikaona nisiposema sasa nitakufa nalo.

"Eseza, siku ile mimi ndiye niliyeviacha nje. Aliniambia nikae navyo. Nilikwenda kuimba."

"Najua," akasema. "Tangu juma la kwanza najua."

Nikangoja neno jingine. Ndani walikuwa wamefika kwenye ubeti ambao Mikaeli alipenda kuutafsiri, na hakuna aliyeutafsiri. Eseza akainama, akavua kiatu cha kushoto, akavua cha kulia, akaviweka mikononi mwangu, akaingia.

Vilikuwa vyeusi, vya kamba. Cha kulia kimeliwa kisigino upande wa ndani. Cha kushoto kilikuwa kinaanza kufunguka pembeni.